Matanga ya Shingo

Mimi hakuna kitu cha kunishtua. Nakwambia mapema tuelewane. Nilifika Louisville na begi moja lenye zipu mbovu, nikabeba maboksi kwenye maghala ya Okolona mpaka mgongo ukasahau kunyooka, nikafukuzwa kazi na kijana niliyemzidi miaka ishirini, na leo nina magari saba ya kupeleka watu shifti na kuwarudisha. Nina pia duka hapa South End, ambapo Mkongo anapata sombe yake ya majani ya muhogo, Mrundi maharage yake, na Mtanzania mwenzangu unga wake wa sembe. Shule niliiacha darasa la tano. Wenye digrii zao wananipigia simu kuniuliza gari linapita saa ngapi. Mtu wa namna hiyo utamshtua kwa lipi?

Basi Jumapili moja nimekaa dukani, binti yangu yuko kaunta na simu yake kama kawaida, mara akacheka peke yake. Nikamwuliza anacheka nini. Akanigeuzia simu nione. Mzee wa Kizungu, mwembamba, tai ya kipepeo, shingo ndefu kama ya korongo, ananyanyua kofia. Chini yake imeandikwa kwamba Jumamosi ijayo atakuwepo Columbus, kwenye mkutano wa wapenzi wa vichekesho vya zamani vya televisheni, apige picha na watu na kusaini.

Nikakaa juu ya gunia la mchele.

"Dad, unamjua?"

"Namjua? Huyu tulimfanyia matanga! Mimi mwenyewe nilikula mandazi ya kilio chake."

Sasa ngoja nikurudishe nyuma, ndugu yangu, maana hadithi hii huanzi kuielewa South End. Unaanzia Tanga, Ngamiani, barabara za namba, miaka ile ambayo sukari ilikuwa inatafutwa kama mtu aliyepotea. Mimi nililelewa na bibi yangu, mama yake mama. Bibi alikuwa akikaanga vitumbua kabla ya adhana ya alfajiri, na mpaka leo nikisikia mafuta yanalia kwenye karai, hata kwenye jiko la stima hapa Louisville, nageuza kichwa kumtafuta. Kazi zangu zilikuwa tatu: kupanga vitumbua kwenye sinia, kujaza pipa la maji, na kushika foleni ya duka la ushirika. Foleni yenyewe tuliishika kwa mawe. Unaweka jiwe lako mahali pako, unakwenda kucheza, ukirudi jiwe limesogea na wenzake kama lina miguu, na hakuna aliyethubutu kuliruka jiwe la mtu. Niambie leo hapa Amerika nani ataheshimu jiwe.

Jirani yetu, ukuta mmoja na sisi, alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilianza kulia tukiwa bado kitandani na ilinyamaza kwa sala tu. Mumewe aliendesha lori la Mombasa, na safari moja akarudi na kitu kimefungwa blanketi kama mgonjwa. Ilikuwa televisheni, ya kwanza mtaani kwetu. Wakaisimamishia antena juu ya mlingoti wa mabomba mawili yaliyounganishwa, na picha ikaja kutoka Unguja, safi, watu wanatembea, wanacheka. Sauti haikuja. Mafundi redio wote wa Ngamiani walipita pale mmoja mmoja, wakafungua, wakachungulia, wakafunga. Walisema chombo kimetengenezewa mitambo ya Mombasa, na mitambo ya Unguja inatuma sauti kwa njia yake nyingine. Picha utaiona hapa, sauti ikabaki hewani. Ukiifungua zaidi, inakutolea mvumo tu, kama mvua ya mbali juu ya bati.

Yule mama hakutoza mtu senti. Kiingilio chake kilikuwa vifungo. Ukifika mlangoni, unanawa miguu na mikono, unapewa shati moja na vifungo vinne, na sindano imeshatiwa uzi. Unakaa mkekani, unashona huku unatazama. Watoto ishirini, mashati ishirini. Siku moja mshenzi mmoja alishona kifungo kwenye suruali yake mwenyewe akashindwa kunyanyuka, ikabidi afumuliwe. Mpaka leo kifungo changu nakishona mwenyewe. Mke wangu anasema natafuta sifa. Kweli natafuta, lakini na kifungo hakitoki.

Na kila Jumanne, baada ya sala ya magharibi, alikuja Shingo.

Jina lake la kweli sikulijua mpaka nilipolikuta Columbus limeandikwa kwenye kadi juu ya meza, na sitaliandika hapa, kwangu halina kazi. Sisi tulimwita Shingo. Katika mchezo ule alikuwa msaidizi wa fundi viatu huko Uingereza, amepanga chumba juu ya duka, na hana kodi. Kila wiki mama mwenye nyumba, mnene, nywele kazizungushia vibomba, anashuka ngazi kumtafuta, na Shingo anajificha: nyuma ya rafu ya viatu, chini ya meza, mara moja ndani ya buti kubwa la tangazo, kichwa nje.

Sasa utauliza, mlielewaje bila sauti? Tulikuwa na Mwalimu.

Mwalimu alikuwa amekwishastaafu wakati ule, ingawa alirudishwa kusomesha kwa muda kwa sababu walimu walikuwa hawatoshi, ndiyo maana alinipata mimi darasa la nne. Zamani alipelekwa Uingereza miezi sita kwa kozi. Akatuambia kule alijifunza kusoma midomo ya Waingereza, maana Waingereza wanaongea kwa midomo tu, sauti wanaifanyia akiba. Tukamwamini, wakubwa kwa wadogo. Alikaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni, fimbo magotini, na akawasemea wote. Mama mwenye nyumba alimpa sauti ya puani, kama ya mke wa diwani wetu. Fundi viatu alimpa kigugumizi. Na Shingo alimpa sauti nzito, ya taratibu, ya mtu aliyeamshwa usingizini na bado ana adabu.

"Shingo! Uko wapi? Kodi!"

"Shingo hayupo, mama. Amekwenda kunitafuta."

Tulianguka. Jirani aliachia kanyagio la cherehani akafuta machozi kwa kitambaa cha mteja. Neno lile likatoka nje likazunguka Ngamiani nzima. Muuza mkaa akija kudai, unamwambia amekwenda kunitafuta, naye anacheka, anakuongezea siku mbili. Bibi yangu, mwanamke asiyecheka ovyo, alikuja kila Jumanne na kiti chake kichwani. Alimpenda Shingo kwa dhati. Alisema yule mtu ana njaa na hasemi, tazameni koo lake. Mara nyingine alikuwa akimwambia Mwalimu, "Mwulize leo amekula?" Na Mwalimu, mwungwana yule, alisubiri Shingo afumbue mdomo, kisha akajibu kwa ile sauti nzito, "Nimekula, bibi, ahsante. Vitumbua." Bibi yangu akashusha pumzi.

Miaka ikaenda hivyo, nafikiri minne. Kisha Jumanne moja Shingo hakuja. Wakaweka mpira. Jumanne ya pili, ngoma za taifa fulani. Watu walikuwa wakija, wanapewa mashati, wanakaa, wanamgeukia Mwalimu: Shingo yuko wapi? Mwalimu alisema yuko likizo. Wiki iliyofuata akasema ana homa. Watu wakatuma salamu za pole. Jumanne ya sita au ya saba, nakumbuka nilikuwa nashona shati la kijani la shule, mtu akauliza tena, na Mwalimu, sijui amechoka, sijui shetani gani, akasema: "Shingo amefariki."

Cherehani ikanyamaza. Kisha nikamsikia bibi yangu analia.

Nilimwona Mwalimu anafungua mdomo anaufunga. Laiti angesema palepale, natania. Lakini wanawake walikwishajifunika kanga vichwani, na jirani alikwishaizima televisheni na kuifunika shuka jeupe. Bibi akatoa amri. Alisema hitma hatumsomei, si wa dini yetu, lakini mtu aliyeingia nyumba hii kila Jumanne hawezi kuondoka kama paka. Tukatandika mikeka mpaka barabarani. Matanga siku tatu. Na sikiliza hapa: sukari ya mgao ya mwezi ule, kila nyumba ilileta yake, ile tuliyoishikia foleni kwa mawe, ikaingia kwenye chai na mandazi ya kilio cha Shingo. Mwezi mzima uliobaki tulikunywa chai kwa chumvi. Mwalimu aliombwa aseme maneno machache juu ya marehemu. Akasimama, akasema kwamba marehemu alikuwa mtu asiyemdhuru mtu. Akakaa. Akapewa mandazi, akala.

Mimi mwaka uliofuata niliacha shule nikaenda kuuza kahawa. Mwalimu alikuja kwa Bibi mara tatu kumsihi. Sikurudi. Dunia ikanichukua ikanizungusha ikanitupa hapa Kentaki.

Mwalimu naye Mungu alimpa umri. Binti yake alipata kazi Buffalo ya kuhudumia wazee, akamvuta baba yake. Kila Idi nilimpigia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Magari mangapi sasa?"

"Saba, Mwalimu."

"Mwaka jana yalikuwa sita. Na darasa la tano, umelimaliza?"

Hayo ndiyo mazungumzo yetu, miaka na miaka. Basi Jumapili ile, nikiwa bado juu ya gunia la mchele, nikampigia. Nilidhani nampa kichekesho. Nikamwambia Shingo yu hai, yuko Columbus wiki ijayo. Hakucheka.

"Nipeleke," akasema.

"Mwalimu, ni mbali, na—"

"Nilimzulia mtu kifo, nikala matanga yake, na watoto wa watu wakanywa chai ya chumvi. Nimeomba radhi kwa kila niliyemkumbuka. Kwa huyu nilijua tutaonana huko mbele. Kumbe yu hai! Nipeleke, mwanangu, kabla mmoja wetu hajaondoka."

Binti yake alichukua simu akanieleza wazi: moyo wa mzee umechoka, daktari amesema miguu ikivimba tena ni hospitali, na huenda asitoke. "Lakini usiku halali," akasema. "Tangu aliposikia amekaa kitandani na koti mwilini. Ukimchukua naogopa. Usipomchukua naogopa zaidi. Njoo."

Nilimwachia mke wangu duka, na dereva wangu mmoja, Mkongo wa Uvira, akaja kunisaidia usukani. Njiani nilimsimulia. Akafikiri kutoka Louisville mpaka tumeipita Columbus, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chao kilichochanganyika na Kifaransa.

"Bon, patron. Donc mulikula chakula ya kilio ya mutu mwenye angali muzima?"

"Tulikula."

"Na sasa munaenda kumuomba pardon?"

"Ndiyo."

"Eh! Kama ni mimi, naomba anirudishie sukari."

Tulilala Buffalo, na Ijumaa tukamchukua Mwalimu. Alikuwa amepungua mpaka nikambeba kumwingiza garini kama shehena nyepesi, na mimi shehena nazijua. Fimbo ile ile. Njia nzima alisogeza midomo bila sauti. Nilidhani dua. Kumbe alikuwa akijifunza kile atakachosema, kwa Kiingereza, neno kwa neno, kama mtoto anayekwenda kusimama mbele ya darasa.

Ukumbi ulikuwa ndani ya hoteli, watu wamevaa kama wahusika wa michezo yao, meza nyingi, na kwenye kila meza mtu aliyewahi kujulikana. Meza ya Shingo ilikuwa karibu na choo. Watu tisa tu kwenye foleni. Pembeni yake mama mmoja mwenye sanduku la fedha na karatasi ya bei: kusaini bei yake, picha bei yake, kusalimiana kwa mkono ni bure.

Zamu yetu ikafika, mzee akainua uso, akasema karibuni. Na hapo, mimi niliyekwambia sishtuki, nilishtuka. Sauti ilikuwa nyembamba, ya juu, kama filimbi. Haikuwa ya Shingo. Shingo wangu alikuwa na sauti nzito ya mtu aliyetoka usingizini, na sauti hiyo ilikuwa nyuma yangu, imeegemea fimbo, inahema.

Mwalimu alikataa kiti. Akaushika mkono wa yule mzee kwa mikono yake miwili, akasema maneno yake yote, Kiingereza cha zamani kilichopigwa pasi. Kwamba sisi ni watu wa Tanga. Kwamba sauti haikufika. Kwamba alimtilia maneno mdomoni miaka minne bila ruhusa, kisha akatangaza amekufa, na mtaa ukamlilia siku tatu. Kwamba anaomba radhi.

Mzee wa Kizungu alisikiliza, kinywa wazi. Kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Kazi yangu ya kwanza jukwaani nilikuwa maiti," akasema. "Nililipwa kwa kila usiku. Ninyi hamkunilipa." Akapangusa macho. "Hakuna shida kabisa, bwana mpendwa. Si kitu. Usitaje hata."

Mwalimu hakuuachia mkono. Akanigeukia, kwa Kiswahili, macho yana hofu. "Hajasema."

"Amesema si kitu, Mwalimu."

"Si kitu si radhi. Mtu akisema si kitu, kitu kimebaki palepale. Mwambie aseme kwamba amesamehe."

Mama wa sanduku akakohoa kwamba kuna watu nyuma. Nikalipia picha, nikalipia saini, nikalipia na picha ya pili ili tu anyamaze. Kisha nikamwambia yule mzee, kwa Kiingereza changu cha maghalani, kwamba huyu bwana moyo wake umechoka, ametoka Buffalo kwa neno moja, na neno lenyewe siyo si kitu. Kicheko kikamtoka usoni taratibu.

"Walikuja watu wangapi?" akauliza. "Kwenye hayo matanga."

"Mtaa mzima," Mwalimu akasema. "Mpaka barabarani."

"Nani alilia?"

Mwalimu akaninyooshea fimbo. "Bibi yake huyu. Alikuwa akiuliza kila wiki kama umekula."

Yule mzee akavua miwani. Akatusimulia maisha yake pale, huku foleni ikisubiri. Baba yake alichimba makaa ya mawe na alitaka naye ashuke shimoni. Yeye akatoroka na watu wa maigizo, akafagia jukwaa, akawa maiti, akawa mlinzi wa mlango, akawa Shingo. Miaka minne hakuweza kununua mkate bila mtu kumkumbatia. Mchezo ulipokatwa, wakubwa wa televisheni walimtumia sanduku kwa posta, ndani yake kofia yake, basi, bila hata karatasi. Baada ya hapo akawa tangazo la mchuzi wa unga, kisha akauza mazulia miaka kumi na moja, na wateja walimwambia unafanana na fulani, aliyekuwa anachekesha, yule aliyekufa. "Hata kwetu walidhani nimekufa," akasema. "Tofauti ni kwamba hakuna aliyechemsha chai."

Kisha akamwuliza Mwalimu kitu ambacho sikukitegemea. "Nilikuwa nasema nini? Kwa lugha yenu. Nilikuwa nachekesha?"

"Sana," Mwalimu akasema. "Na ulikuwa mpole."

Mzee akasimama. Ilimchukua muda, ameshika meza. Akaweka kofia, akarefusha ile shingo, akachutama nyuma ya kiti kama ni ile rafu ya viatu, akachungulia. Alikuwa yeye! Mwili ule ule! Na Mwalimu, bila kuambiwa, akajinyoosha juu ya fimbo, akaita kwa puani, "Shingo! Uko wapi? Kodi!" Yule akafumbua mdomo, na sauti ikatoka kwa Mwalimu, nzito, ya taratibu, ile yenyewe, ambayo sikuwa nimeisikia tangu nina vifungo vinne mkononi: "Shingo hayupo, mama. Amekwenda kunitafuta."

Watu wa foleni hawakuelewa neno hata moja na wote walicheka. Dereva wangu alicheka akapiga ukuta. Mimi nilitazama juu kwenye taa, zilikuwa kali mno, machozi yakanitoka.

Mzee akarudi kitini, akavuta pumzi, akamshika Mwalimu mkono. Safari hii alisema polepole, kama mtu anayekula kiapo: "Nimekusamehe. Maneno yote, na kifo, na chai." Nikamtafsiria Mwalimu, ingawa alielewa vizuri kuliko mimi. Alitaka kulisikia mara mbili.

Jumapili tulimrudisha Buffalo. Alilala njia nzima kama mtoto. Nilipomkalisha kitandani, akanishika mkono wa shati.

"Umetumia kiasi gani?"

"Aa, Mwalimu. Mimi hizo ni hela za maji ya kunywa. Si kitu."

"Usinifanyie Kiingereza. Taja, nikuombe unisamehe. Kitu kisichotajwa hakisameheki."

Nikacheka. Nikajigamba mbele ya binti yake kwamba nina magari saba, nitaanzaje kuhesabu mafuta ya gari moja? Nikambusu mkono nikaondoka zangu. Sifa zangu hizo.

Mwalimu alifariki theluji ilipoanza. Niliendesha peke yangu. Njiani nilikuwa najaribu kukumbuka nani mwingine wa mkeka ule aliye hai, nikakosa. Bibi yuko Tanga chini ya udongo, mshonaji vilevile, nyumba yenyewe imevunjwa wamejenga maduka ya simu. Wanangu wana televisheni ukutani kubwa kama mlango, sauti inatoka pande zote, na kila mmoja anatazama ya kwake chumbani kwake na vitu masikioni. Hakuna anayemwuliza yule wa kwenye kioo kama amekula. Na sauti ile nzito, ambayo haikuwahi kuwa ya Mzungu yule wala ya mtu mwingine yeyote ila ya mwalimu mstaafu mwenye kigoda, imekwenda naye, na mimi sina hata pahali nilipoirekodi.

Msikitini, kabla ya sala ya jeneza, binti yake aliniita pembeni akanipa daftari la Mwalimu. Majina ya aliowaomba radhi, mstari kwa mstari, mwandiko ule ule wa ubaoni, na kila aliyekwisha kumsamehe amemwekea alama ya vema pembeni. Jina la Shingo lilikuwa na alama. La mwisho lilikuwa langu, na mbele yake ameacha nafasi tupu ya tarakimu. Hakuna alama.

Nikatoka nje kwenye baridi ile ya Buffalo, nikafungua kidroo cha gari, risiti zote nilikuwa nazo, maana za kodi ya mapato huwa situpi. Nikazitandaza juu ya kiti, mafuta, moteli, chakula, kiingilio cha watu watatu, saini, picha mbili. Nikakosea hesabu, nikaanza upya. Nikarudi ndani, na imamu alipowauliza watu kama kuna anayemdai marehemu, mimi mwenye magari saba nikanyanyua mkono mbele ya umati, nikasema namdai, na nimemsamehe, mbele ya Mungu na mbele yenu, dola mia tisa thelathini na nne na senti kumi na saba.